Dola Mbili za Kubana Falanga

Mama wa mawese anadai falanga bilioni 15, na aliyezisoma kwa sauti ni mimi.

Zilisomwa Jumapili, uani nyuma ya kanisa, hapa Simi-Simi, mbele ya chama kizima cha akiba. Mpaka leo vijana wa toleka wakiniona wanapunguza mwendo wa baiskeli na kuniuliza kama mama amekwisha kulipwa. Akiba ilikuwa imeandikwa kwa dola, kama kila kitu cha maana mjini Kisangani. Kugawana ilikuwa kwa falanga. Kazi ya kuzidisha tu. Mama wa makayabu, dola 35, kiwango cha siku 2,800: falanga 98,000. Makofi. Nikakikamata kile kitone cha kwenye kona ya seli, nikakiburuta hadi chini, Excel ikajaza safu nzima kufumba na kufumbua, nami nikaendelea kusoma bila kupumua. Mama wa sombe, dola 20: falanga 920,000 na ushei. Minong'ono. Mama wa mawese, dola 15: bilioni 15 kasoro kidogo. Kisha sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mama wa mwisho, ambaye ndiye aliyeweka nyingi kuliko wote. Tangu askari wa miavuli wa Ubelgiji waliporuka juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, Novemba 1964, hakuna kilichoshuka mtaani humu kwa ghafla kama zile sifuri.

“Papa,” akasema mama presidenti, kwa upole ule unaochoma, “hii masini yako inamupenda huyu mama sababu gani?”

Sababu iko, tena ni tamu kiasi kwamba nikiieleza nasahau kuona haya. Excel haina habari na anwani. Ukiandika =C2*F1 ndani ya D2, wewe unaona anwani mbili; yenyewe inaona mwendo: chukua namba ya jirani wa kushoto, izidishe kwa ile iliyo safu mbili kulia na mstari mmoja juu. Ukiinakili fomula kwenda chini, mwendo ni uleule, mahali ndipo panapohama. Kiwango cha dola kilikaa F1. D3 ikatembea hadi F2, ikakuta tarehe ya mkutano. D4 ikatembea hadi F3, ikakuta namba ya simu ya mweka hazina. D5 na wenzake wakakuta seli tupu, na utupu kwa Excel ni sifuri.

Utauliza tarehe inazidishwaje. Inazidishika vizuri sana, maana ndani yake ni hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Mwaka mpya wa 2025, kwa mfano, ni siku ya 45,658. Na katika hesabu hiyo imo 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo, kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu. Kosa lilikuwa la Lotus 1-2-3, Excel ikalirithi kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yasomeke. Kwa hiyo katika utajiri wa mama wa sombe, falanga 20 ni za siku ya hewa. Namba ya simu nayo ilidondosha sifuri yake ya mbele, zikabaki tarakimu tisa, zikazidishwa kwa 15.

VisiCalc, ya mwaka 1979, mama wa hizi programu zote, ilikuwa na adabu: ukinakili fomula inakuuliza, kwa kila seli iliyotajwa, hii ihame au ibaki? Siku hizi huulizwi. Unaigongomelea seli mwenyewe, na msumari wenyewe ni alama ya dola. $F$1: dola ya kwanza inabana safu, ya pili inabana mstari. Unabonyeza kitufe cha F4, zinatokea zote mbili. Ukiendelea kubonyeza inatoka moja, inabadilishana na mwenzake, kisha zinaondoka zote.

Hapo ndipo kicheko kinanikauka. Najua alama hiyo ndani ya Excel si pesa. Lakini keti Simi-Simi uiandike: falanga inateleza kila ukishuka mstari, mpaka uibane kwa dola mbili. Dola mbili ndiyo iliyokuwa thamani ya zaire moja, sarafu yetu ya zamani, ilipozaliwa mwaka 1967. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa falanga moja. Akina mama hawakuulizwa, hii ihame au ibaki? Wapo wanaotupangia ada kwa dola na kuipokea kwa falanga, kwa kiwango chao wenyewe, kilichoandikwa ukutani kwa kalamu. Ukiwapelekea dola yenyewe, ikiwa na mchaniko wa ukucha inarudishwa. Falanga iliyoshikizwa kwa gundi inapita. Na siku tuliyogawana kwa haki, kiwango cha Jumapili kilikuwa kimekwisha kuhama. Fomula ilikuwa sahihi kabisa.

Jumatatu nilifuta safu ya F nzima ili ile simu isitudhuru tena. Safu yote ya falanga ikaandika #REF!.

Jumanne, umeme ukakatika.

Jana nimechapisha. Safu ya falanga imeangukia ukurasa wa pili, peke yake, bila majina, na nimelipia kurasa mbili.