Siku Ishirini na Moja za Kuhamia Linux

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Ukungu umeshuka kutoka Nyandarua na kukaa juu ya michai hadi saa tano. Nimemweleza mama kwamba Windows 10 itakoma kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba, na kwamba laptopu yetu haiwezi kupanda Windows 11 kwa sababu prosesa yake ni ya Intel kizazi cha saba, ilhali kinachotakiwa ni cha nane kwenda mbele, pamoja na kijidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mama ameniuliza kama ng'ombe amepewa maji. Hakuwa amepewa.

Maoni yangu ni kwamba mashine inayowaka haijazeeka. Microsoft inauza mwaka mmoja wa ziada kwa dola 30, karibu shilingi 3,900. Silipi. Nahamia Linux Mint, ambayo ni ya bure.

Jumatano, 6 Agosti

Faili la Mint lina karibu gigabaiti 3. Mtandao hapa kwetu Tetu hushika vizuri kwenye dirisha la jikoni tu, kwa hiyo jana laptopu ililala kwenye kiti mbele ya dirisha, imefunikwa shuka. Alfajiri nimeikuta imefika asilimia 96, bando limeisha. Nimenunua jingine. Kisha flashi. Bure imefika shilingi 950.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeanza kupakia saa mbili usiku. Mashine iliuliza: ifute diski nzima, au iweke Linux kando ya Windows? Nikasema ifute. Anayehama haachi kitanda kwenye nyumba ya zamani.

Kwenye asilimia 71 stima ikaisha. Haikupotea, iliisha: tokeni zilikuwa zimeliwa na heta niliyowasha ili vidole visigande. Betri ya laptopu hukaa dakika nne. Nikanunua tokeni kwa M-Pesa, ujumbe ukaja papo hapo, tarakimu 20. Nilikuwa nazisoma kwa sauti huku mpwa wangu akizibonyeza kwenye kidude cha mita, mwanga ukiwa ni wa jiko. Tulipofika tarakimu ya kumi na sita simu ikazimika.

Tumelala mapema. Laptopu kwa sasa haina Windows wala Linux.

Jumapili, 10 Agosti

Simu imechajiwa kwa jirani, stima imerudi, Mint imeingia. Inawaka kwa sekunde 38. Nimepima mara sita.

Mchana Harambee Stars walicheza na Morocco huko Kasarani, michuano ya CHAN. Guka, babu yangu, alikaa uani na redio yake ya mawe, yaani betri. Mimi nilikuwa dirishani na matangazo ya intaneti, picha safi kabisa. Kipindi cha kwanza Guka akapiga kelele, "Goooli!" Kwenye skrini yangu mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Bao nililiona baadaye, nikiwa najua linakotokea. Stars walishinda 1-0.

Nimemweleza Guka kwamba picha ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, kisha mashine huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, isije ikakwama. Redio haina akiba. Guka amesema na mkulima asiye na akiba hulala njaa, kisha akaniomba ninyamaze, wanachambua mchezo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegeuza lugha ya mashine iwe Kiswahili, kwa faida ya mama. Jambo hili si geni. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili, na ninaamini tungeendelea pale tungekuwa mbali.

Mama amesema lugha ya mashine aliizoea kwa Kiingereza, na Kiswahili ni cha redioni. Mpwa wangu akaja: "Anko, 'tendua' ni nini?" Nikamwambia ni kurudisha nyuma ulichofanya. Akauliza mbona basi haijaandikwa hivyo. Nilimwambia abonyeze aone. Alibonyeza, na aya nzima niliyokuwa nimeandika ikatoweka. Kurudisha kilichorudishwa kuna neno lake pia, lakini hatukulipata sote wawili. Saa moja usiku mashine imerudi kwenye Kiingereza.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama ni katibu wa chama cha akina mama kumi na wanane, na kumbukumbu zao zilikuwa kwenye diski niliyoifuta Jumamosi. Nimemwambia leo. Hakusema kitu. Ametoa daftari la kurasa 96 ambamo ameandika kila shilingi tangu 2019, akaliweka mbele yangu pamoja na chai. Nimeandika upya hadi saa saba usiku.

Lazima niseme jambo moja zuri. Kumbukumbu zao ni za Gĩkũyũ, na ndani ya Linux umo mpangilio wa kibodi ya Gĩkũyũ, hupakui chochote. Miaka yote hii tulikuwa tunaandika "Nyiri" na kumwachia msomaji kazi ya kuweka vilemba. Sasa nimeandika Nyĩrĩ. Nimeandika Tetũ. Nimeyatazama maneno hayo muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepeleka kazi saiba ya Wamagana ichapwe, nakala kumi na nane. Nilikuwa nimechagua fonti ya madoido niliyoipenda. Kila ĩ na kila ũ imetoka kisanduku kitupu. Ny□r□. Tet□. Ukurasa mzima kama nyumba zilizotiwa fremu za madirisha na vioo havijafika. Nililipia zote kumi na nane kabla ya kutazama ya kwanza. Kosa ni langu.

Mkutanoni mama amesoma kutoka kwenye daftari. Karatasi zangu zimefunika mandazi.

Ijumaa, 22 Agosti

Robo fainali, Kenya na Madagascar. Dakika 120 zimekwisha 1-1, zikaja penalti. Safari hii Guka amekuja kukaa nami dirishani kwa hisani, ila amekuja na redio. Nimemwomba aizime. Ameipunguza sauti na kuibana sikioni. Kisha nikaona bega lake limeshuka. Hakusema neno. Kwenye skrini penalti zilikuwa bado zinapigwa, na kwa sekunde kama arobaini, katika Tetu nzima aliyebaki na matumaini nilikuwa mimi.

Tumetolewa 4-3.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimepiga hesabu: bando, flashi, tokeni, karatasi. Bure imefika shilingi 2,640, na printa ya nyumbani bado haijakubali kuongea na Mint. Nasimama na maoni yangu.

Guka ameuliza kama redio yake nayo itaachwa tarehe 14 Oktoba. Nimemwambia sidhani. Ameanika mawe yake juu ya mabati yapate nguvu. Leo jua limetoka saa nne.