Kila Kitu Kina Makato

Ukoo ukipata mtoto aliyechaguliwa kusomea uhandisi, vitu vibovu vyote hufufuliwa kutoka uvunguni. Nilipofunga muhula na kurudi nyumbani nilikuta pasi isiyopata moto, blenda iliyogoma na redio ya marehemu babu vimepangwa sebuleni vikimsubiri injinia. Sikuwa nimefundishwa kutengeneza hata kimoja. Nilichofundishwa ni thamodainamiki, yaani elimu ya kueleza kwa hesabu kwa nini kitu hakitafanya kazi vile unavyotaka.

Somo lenyewe lina sheria nne, na tunayoanza nayo darasani inaitwa Sheria ya Sifuri. Inasema vitu viwili vikiwa na jotoridi sawa na kitu cha tatu, basi navyo vina jotoridi sawa. Tuliangaliana: hili nalo la kulipia ada? Jina hilo ilipewa miaka ya 1930, wakati namba moja, mbili na tatu zimeshapata wenyewe na wakubwa wameng'amua kuwa bila sheria hiyo hata kipimajoto hakina maana.

Sheria ya Kwanza inasema nishati haiumbwi wala haipotei, inahama tu. Ya Pili ndiyo chungu. Mhadhiri wetu aliieleza kwa pesa za simu. Ukimtumia mtu elfu kumi, hakuna shilingi iliyopotea duniani, lakini kila ukituma kuna makato, na makato hayarudi. Zungusha hela ileile kati ya laini zako mbili mchana kutwa. Jioni utabaki na meseji.

Kwa kuwa mkaa ni ghali, niliona elimu ianzie jikoni. Nikamweleza mama kwamba maharage yakishachemka, kuchochea moto hakuyaivishi haraka, maana maji ya kwenye sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunakula kilojuli 290 na ushee. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunakula nyingine 2,257. Kwa hiyo, mama, moto mkali unapika mvuke. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi mwiko. "Hesabu zako nimezielewa, mwanangu. Sasa kaa nayo mpaka yaive." Nilikuwa sahihi kwa kila namba, na jioni yote iliishia mbele ya jiko.

Chuoni nako, mwenzangu wa chumba, anayesomea sheria za nchi wala si hizi, alipata dawa ya joto la Dar es Salaam la Februari: tufungue friji, tulale mbele yake. Nilimwonyesha koili za nyuma. Joto lote linalotolewa ndani ya friji linamwagwa humuhumu chumbani, pamoja na la umeme unaoendesha kompresa, kwa hiyo chumba kitazidi kuwaka. Akasema hiyo ni nadharia. Alfajiri samaki walikuwa wameharibika, uniti za LUKU zimekwisha, na wakili mtarajiwa anatafuta wa kumshtaki.

Mtihani mgumu, hata hivyo, niliufanyia Mbagala, uani kwa mjomba.

Mjomba alikuwa ameangalia video. Akanunua mota kuukuu, oltaneta ya gari, mkanda na betri, akavifunga kwenye fremu ya kitanda cha chuma. Betri itawasha mota, mota itazungusha oltaneta, oltaneta italisha mota na kuwasha taa za nyumba nzima, kisha betri inachomolewa na LUKU inasahauliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia. Umekuja wakati mwafaka. Shika hapa."

Mashine ikanguruma, balbu ikawaka, watoto wa jirani wakashangilia. Mjomba akachomoa betri. Balbu ikawa nyekundu, ikazimika. Akalaumu grisi, akapaka, ikazimika. Akalaumu mkanda, akaukaza, ikazimika. Kufika magharibi alikuwa anamlaumu jirani mwenye kijicho.

Niliweka kiganja juu ya oltaneta, nikakitoa mbio. "Mjomba, umeme wako huu hapa." Nyaya zilikuwa zimepata moto, beringi zimepata moto, mkanda unanuka mpira ulioungua. Kila mzunguko ulikuwa ukichukua sehemu ya nguvu ya betri na kuigeuza joto la kupasha hewa ya Mbagala, ambayo haikuwa imeomba.

"Ndiyo maana hatuendelei," alisema mjomba. "Serikali inawakopesha mkajifunze kukata tamaa. Hata Mpemba walimcheka!"

Hapo alinipata. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliingiza kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ungali wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amejichanganya. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dakta Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Nikamwambia mjomba kwamba Mpemba hakudai kupata kitu cha bure. Friza lake lilikuwa limechomekwa kwenye umeme.

Mjomba akabadili msimamo: basi tuwe na mashine ya moto, lakini isiyopoteza kitu. Ikabidi nimlete Sadi Carnot, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1824, akiwa na miaka 28, kwamba injini ya joto ina kikomo hata kama haina msuguano kabisa. Kikomo hicho kinatokana na jotoridi ya mahali inapochota joto na ya mahali inapolimwaga. Chukua mvuke wa nyuzi 500 katika mji wa nyuzi 30. Geuza ziwe kelvini, gawa 303 kwa 773, toa jibu kwenye moja: unabaki na asilimia 61 hivi. Hiyo ni injini ya peponi. Za duniani hazifiki hapo.

"Na hizo 39?"

"Makato, mjomba."

Alinyamaza. Makato anayajua vizuri. Ni wakala wa kutoa na kuweka pesa.

Nawe msomaji, ukiletewa mashine inayozalisha umeme bila mafuta, bila jua, bila upepo na bila maji, muulize mwenyewe maswali mawili kabla ya kufungua pochi: nishati inaingilia wapi, na joto linatokea wapi? Akikosa jibu la moja, funga pochi. Akikosa yote mawili na bado anaomba mtaji, ujue mashine yake ni nzima kabisa, na mafuta yake ni wewe.