Sifa za Picha Iliyotikisika

Simu yangu ina picha 214 za binti yangu, ambaye wiki iliyopita alitimiza miezi saba. Kati ya hizo, 9 zinaonyesha sura yake. Zilizobaki, 205, zinaonyesha wingu jeupe likikatiza juu ya mkeka, kisogo kinachoondoka, mguu usio na mwenyewe, na mara moja matundu mawili ya pua, makubwa kama mapango, kwa kuwa alikuwa ameshaamua kuila simu. Mama yake ananiambia nizifute simu ipate kupumua. Nimekataa. Tena leo nimekaa kitako kuzisifu, maana naona zinaonewa.

Kwetu mtu hasifiwi kabla hajatajwa ukoo wake, na picha iliyotikisika imetoka ukoo mkubwa. Mwaka 1957, nchini Marekani, mhandisi Russell Kirsch na wenzake, katika ofisi ya serikali ya vipimo na viwango, walitengeneza mashine ya kuiwezesha kompyuta kusoma picha. Wangeweza kuanza na bendera au uso wa rais. Kirsch akaleta picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa ya sentimita 5 kwa 5, pikseli 176 kwa 176, na ukiitazama leo utadhani miwani umeisahau nyumbani. Mtoto huyo mwenye ukungu ndiye babu wa picha zote zilizomo simuni mwako, pamoja na zile za harusi ulizozilipia hadi ukakopa.

Ukoo haukuishia hapo. Tarehe 11 Juni 1997, Philippe Kahn alikuwa katika wodi ya uzazi huko Santa Cruz, California, mkewe akiwa na uchungu. Wanaume wengine saa hizo huzungukazunguka koridoni. Yeye aliunganisha kamera ya dijitali, simu ya mkononi na kompyuta mpakato, na binti yake alipozaliwa akawarushia picha jamaa na marafiki zaidi ya 2,000. Kwa hiyo shangazi anayetuma “tumepata mtoto” kwenye kundi la familia saa kumi za usiku, na chini yake kipande cha blanketi kisichoeleweka, hafanyi fujo. Anaendeleza mila.

Fadhila ya kwanza ya picha iliyotikisika ni ukweli. Sebule yetu ina taa moja, na baada ya magharibi hiyo taa hujikongoja. Mwanga ukiwa hafifu, simu huacha jicho lake wazi muda mrefu zaidi ili ikusanye wa kutosha. Tuseme sehemu moja ya 30 ya sekunde. Kwako wewe hapo hapana muda. Lakini mtoto akipunga mkono kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, mkono huo unasafiri sentimita 3 na ushei kabla jicho halijafumba, safari inayozidi upana wa kidole chake. Simu haikukosea. Imeshuhudia mkono ulioanzia hapa ukaishia pale, na imesema hivyo hivyo. Anayepaswa kutiliwa shaka ni yule mtoto aliyetoka ametulia tuli. Mtoto wa namna hiyo ama amelala, ama ana homa, ama kuna jambo analitekeleza ndani ya nepi.

Na utulivu huo uliwahi kutafutwa kwa gharama kubwa. Katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, kamera zilihitaji sekunde nzima nzima ili picha ishike. Basi mama alifunikwa shuka gubigubi, akageuzwa kiti, akampakata mwanawe asitikisike. Picha hizo zipo hadi leo: mtoto amevaa lesi, na nyuma yake kilima cha kitambaa chenye mikono. Mimi nikiambiwa nichague kati ya mtoto aliyetikisika na mama aliyefanywa fanicha, sihitaji kupewa muda wa kufikiri.

Fadhila ya pili ni amani baina ya koo mbili. Picha ya kwanza niliyoituma kwa ndugu ilikuwa safi, bahati mbaya. Kabla ya adhuhuri upande wa mama walishatangaza kwamba pua ni ya kwao, upande wa baba wakajibu kwamba pua hiyo iko ukoo wetu tangu enzi za Mjerumani, na mjomba mmoja akajitoa kwenye kundi. Nilirejeshewa usingizi na picha ya pili, iliyotikisika. Humo pua ilikuwa doa tu. Kila mtu aliiangalia akaona yake. Babu mzaa mama alijiona, shangazi yangu akajiona, hata jirani, asiyehusika kwa lolote, alisema anamfananisha na marehemu kaka yake. Mjomba akarudi kundini.

Fadhila ya tatu wanaijua watu wa pwani. Mtoto mchanga hatembezwi machoni pa watu kabla ya arobaini, na hata baada ya hapo hupakwa wanja kwenye paji la uso ili husuda ipate pa kupotelea. Sasa nambie, mwenye kijicho atalishika wapi wingu? Atalihusudu nini? Wanja hufutika mtoto akioga. Ukungu wa picha yangu haufutiki kwa maji wala kwa sabuni.

Nikubali pia kwamba picha hii ina maadui, na silaha zao nazijua, kwa sababu nami niliwahi kusajiliwa katika jeshi lao. Huwa wanamsogeza mtoto karibu na dirisha, asubuhi, jua lisimchome usoni. Wanaizima taa ya simu, ile inayomfanya mtoto akunje uso kama hakimu. Wanafuta lenzi kwa ncha ya kanga, maana nusu ya ukungu wa dunia hii ni mafuta ya vidole. Wanalala kifudifudi ili simu ilingane na macho ya mtoto, halafu wanabonyeza bila kuachia, picha 20 kwa mkupuo, wachague moja. Mtu akifuata hayo yote, picha iliyotikisika si rahisi kuipata. Nakutahadharisha mapema.

Mimi nilijaribu kuyafuata Ijumaa moja, ila la dirisha lilinishinda. Mtoto akavalishwa gauni jipya, akaegemezwa mito mitatu. Mama yangu mzazi alikaa nyuma yake amdake akianguka, maana kukaa bado alikuwa anajifunza. Dada yangu akasimama begani kwangu akigonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko ili mtoto atazame huku. Mtoto akatazama kijiko. Akataka kijiko. Akajirusha kukifuata kwa mwili mzima, na mimi nikabonyeza. Mama akapaza sauti, “Mwanangu, mimi usinitie humo! Mzee kama mimi wa nini?” Nikamjibu, “Hutoki, mama, nampiga mtoto tu.”

Nilisema uongo bila kujua. Picha ilipotoka, mtoto alikuwa ufito wa rangi nyeupe kutoka kwenye mito hadi pembeni. Lakini jicho la simu likikaa wazi, anayecheza hupotea na aliyetulia hubaki. Nyuma ya ufito ule alikuwa mama yangu, ametoka waziwazi, hata mshono wa leso yake unahesabika: mikono ameinyoosha, mdomo uko wazi, macho yanamfuata mjukuu. Mama yangu huyu hukimbia kamera. Harusini hujificha jikoni, na katika sherehe ya kunikaribisha kutoka masomoni alitoka bega moja. Nikarudi kuzipitia zile 205 moja baada ya nyingine. Yumo katika 61, ametulia, nyuma ya wingu.

Nilimpelekea ile ya Ijumaa. Aliishika simu mbali, kisha karibu, akanyamaza. Baadaye akaniomba nikaichapishe kwa karatasi. Imetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio. Mgeni akiuliza mtoto yuko wapi, yeye hugusa ule ufito mweupe kwa kidole na kusema, “Si huyu hapa, anakwenda.”

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafuta, angalia kwanza nani amekaa nyuma.