Mheshimiwa Skrubu

Kompyuta ya michezo ina wakubwa wake. Ipo GPU, kadi ya picha, iliyomeza karibu nusu ya hela yote na bado inadai waya wake peke yake wa umeme. Ziko feni tatu zenye taa za rangi, zimejipamba kama meza ya maharusi. Hao wana wapambe wa kutosha. Mimi namsifu skrubu anayebana SSD, ghala la kompyuta.

Unene wake milimita 2. Punje ya mchele inamzidi urefu. Lakini mpwa wangu, aliyedunduliza miezi 14 ili aunde kompyuta yake, aligundua kwamba bila huyu bwana hakuna michezo. SSD yenyewe ni ile iitwayo 2280, yaani upana milimita 22 na urefu milimita 80, mithili ya kijiti cha bigijii. Ukiichomeka kwenye mazabodi inanyanyua mkia juu, kama mtoto anayekataa kulala mchana. Gigabaiti 1,000 zinamsubiri yeye azilaze.

Saa tatu usiku akaponyoka kwenye ncha ya bisibisi. Tii! Kisha kimya.

Hapo ndipo nilipoujua ukubwa wake. Mimi mwenye magoti mabovu nilipiga magoti bila kuombwa. Dada yangu, aliyekuwa akinung'unika tangu asubuhi kwamba hela ile ingetosha kuezekea banda la kuku, akaja na ufagio na tochi ya simu. Ni mgombea gani aliyewahi kutulaza sakafuni sote bila kugawa hata kofia? Tulipata hereni na sarafu ya shilingi 50. Yeye hakuonekana.

"Mjomba, tuiwashe tu."

"Thubutu!"

Maana kama ameangukia ndani, chuma juu ya mazabodi ni shoti, na shoti haiulizi umedunduliza miezi mingapi. Basi kompyuta ya mamilioni ikakaa gizani kwa kumheshimu asiyefika hata gramu moja. Tukaipindua, tukaitikisa kama debe la karanga. Wapi!

Mwishowe nikang'oa sumaku ya spika mbovu, nikaifunga uzi, nikaitumbukiza ndani kama mvuvi. (SSD haina sahani za kuzunguka kama hadi diski za zamani, haiogopi sumaku.) Akapanda nayo kutoka pembeni mwa pawasaplai, ametulia, hana hata aibu. Bisibisi ikazunguka mara chache, SSD ikalala, kompyuta ikawaka. Sote tukazishangilia feni.

Msomaji, skrubu huyu kwa kawaida haji na SSD. Huja na mazabodi, ndani ya kimfuko kidogo cha plastiki. Ukinunua mazabodi iliyotumika, dai hicho kimfuko kabla hujatoa hela. Wa akiba ninaye mmoja, yuko kwenye kikopo cha iliki jikoni, na simwazimishi mtu.