Filipina wa Baba Saumu

Baba Saumu alipopata kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja hapa New York, alijinunulia kitabu cha Kihispania. Kitabu kikamvisha kila asichokihitaji: suti, tai, hata vazi la kuogelea. Jiko lenyewe limejaa watu wa Puebla, Mexico, na sijasikia mpishi anayekaanga vitunguu na tai shingoni.

Cha maana mle kilikuwa delantal, yaani aproni. Nikamsomesha jioni nzima. Kesho yake akaiomba kwa madaha. Wenzake wakamwelewa, wakacheka, wakamrushia mandil. Ndivyo wanavyoiita wao, na neno lenyewe Wahispania walilipata kwa Waarabu. Yaani mtoto wa Tanga, aliyekulia chuoni kwa maalimu, anauziwa kitabu!

Viatu visivyoteleza navyo ni zapatos antideslizantes. Sakafu ya mafuta haimsubiri mtu amalize kutamka. Alipofika “antidesli” alikuwa keshakaa chini, na sufuria la maharage limemfuata.

Basi Jumamosi moja nimekalia mbuzi yangu, niliyoitoa Tanga ndani ya sanduku la nguo, nakuna nazi. Nikamsikia sebuleni anaongea na simu: “¿Quién tiene mi filipina?”

Ubaya wa kumsomesha mume ni kwamba nawe unaelimika. Quién, nani. Tiene, anaye. Mi, wangu. Hilo la mwisho halikuhitaji kitabu. Jirani yetu wa ghorofa ya juu katoka Manila. Nikainuka, kifuu mkononi.

“Baba Saumu, huyo Filipina ni nani, na mbona mnaulizana yuko kwa nani?”

“Mama Saumu, wallahi ni koti! Koti jeupe la mpishi, lile la vifungo safu mbili. Wamexico ndivyo wanavyoliita.”

“Lilete nilione.”

Jumatatu usiku akalileta, linanuka pilipili na kitunguu saumu. Koti kweli, vifungo safu mbili kweli. Nimeanza kupoa, nikaligeuza kifuani, nikakuta jina limetariziwa kwa uzi mwekundu: Guadalupe.

Eti wamebadilishana makoti kwenye kufua. Eti tena Guadalupe ni mwanamume, kwani kule kwao jina hilo wanaitwa wanaume na wanawake. Huenda. Nimemwambia Jumapili amlete, nitapika pilau ya nyama na kachumbari. Ale ashibe, lakini kwanza nimwone masharubu.