Sifa za Tairi la Theluji Jijini Dar es Salaam

Wahenga walituonya tusimsifu mgema, asije akalitia tembo maji. Juu ya tairi la theluji hawakusema kitu, kwa hiyo nalisifu kwa amani.

Tulikutana Ilala. Nilikuwa naitafutia pikapu yangu matairi kabla ya msimu wa mananasi, nikayakuta manne ya mtumba kutoka Japani, meusi, yanang'aa kwa dawa, kashata zimesimama kama za dukani. Ubavuni palikuwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama ua la pembe sita. Nikauliza ni nini. Muuzaji akanitazama kwa huruma.

"Mzee, mlima wako mwenyewe huujui? Kilimanjaro huo. Kibo, Mawenzi na Shira. Haya yametengenezwa maalumu kwa Tanzania."

Nikalipa.

Sifa yake kuu, ambayo ningeweza kuihubiri mpaka adhana ya alfajiri, ni ukarimu. Tairi la kawaida lina choyo: linazunguka mwaka mzima na mpira wake limeukumbatia. La theluji mpira wake umepikwa ubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, pale ambapo lile la kawaida hukakamaa kama ugali wa jana. Sasa lilete Dar mwezi wa pili, nyuzi 32 kivulini, na lami ndiyo usiseme. Hapo ulaini unageuka sadaka. Kila kona linaacha kipande chake, na kila breki ni mchango. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari, yakaisaga lami hadi vumbi likawakaba, ndipo mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuyakomesha, na hili lisilo na misumari likashika nafasi. Yaani ukoo wa zamani uliila barabara. Huu wa sasa unailisha. Wenzangu mnakatwa tozo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta mkadhani mmemaliza. Mimi niliongeza mpira, kutoka Mwenge hadi Bagamoyo, kwenda na kurudi, miezi minne. Pale Bunju kuna kipande cha lami ambacho, kwa haki kabisa, ni changu. Nilitegemea angalau kibao.

Sifa nyingine ni za kupita. Limechanjwa chale nyembamba mwili mzima, za kung'ata barafu. Na kwa kuwa barafu yetu inauzwa kwenye vifuko, chale hizo hazijawahi kupata kazi. Linaimba, kwa hiyo redio niliizima. Likibebeshwa mzigo, pikapu inacheza kiuno kila kona. Tena nchi hii ina mahali lingefaa kabisa: Makete, mwezi wa saba, alfajiri, majani yakiwa meupe kwa sakitu. Jua likipanda, basi.

Siku ya Kiwangwa sikuwa na hamu ya kuimba. Jua la saa nane, mzigo wa mananasi, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Pikapu ikaingia kichakani, mananasi yakashika njia zake. Hakuna aliyeumia. Nikachuchumaa kando ya jeki na kwa mara ya kwanza nikalisoma tairi langu. Tarakimu nne: 4111. Wiki ya 41 ya mwaka 2011. Lina umri wa kumzidi mwanangu aliye darasa la saba, na lilikuwa limeandikwa hivyo waziwazi tangu kiwandani!

Fundi aliyelifunga alilipiga kofi: "Kashata zipo, bosi." Mkaguzi aliyenipa stika aliulizia mtungi wa kuzimia moto, akahesabu pembetatu, akalipiga teke moja: "Kashata zipo." Akapokea hela yake. Askari wa barabarani, sijui wangapi, walitaka leseni, bima, stika ya yule mkaguzi. Kashata zipo, nenda mzee. Wote hao wana macho, wamesoma, wengine wana kofia na mihuri, na hakuna hata mmoja aliyeinama asome tarakimu nne! Kuinama hakuna stakabadhi. Kungekuwa na ada ya kuinama, wangeshinda wamepiga magoti barabara nzima.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Sifa ya mwisho: linauzika. Matatu yaliyobaki niliyarudisha Ilala, muuzaji akanipa nusu ya bei bila ubishi mwingi. Nikiwa bado nahesabu noti, kijana wake alishaanza kuyapaka dawa. Akaja mteja, shati limechomekewa, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Akainama, mungu wangu, akainama kweli, akauliza ule mchoro wa ubavuni ni mlima gani.

Muuzaji akanitazama. Nikakunja noti, nikazitia mfukoni.

"Si Kilimanjaro huo," nikasema.