Sifa za Simu Iliyopasuka Kioo

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Simu ya mzazi iliyopasuka kioo, ile ambayo mwanafunzi wa gredi ya 7 huificha katikati ya daftari, imetukanwa vya kutosha. Shuleni hunyang'anywa na kufungiwa kabatini hadi mzazi aitwe. Kwenye mikutano ya wazazi huambiwa ndiyo iliyoharibu watoto. Hata UNESCO, katika ripoti yake ya 2023 kuhusu teknolojia na elimu, ilieleza kwamba karibu robo ya nchi za dunia zilikuwa zimeipiga marufuku shuleni, na Ufaransa ilikuwa imekwisha kutunga sheria mwaka wa 2018. Mimi nashikilia kwamba katika sekondari msingi za Ekerenyo, Kenya, Mtaala wa Umilisi haujapata mtumishi mwaminifu kuliko mtukutu huyu, na ingefaa apewe dawati.

Tuanze na mahudhurio. Mwaka wa 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Vipakatalishi vikageuka vishikwambi, navyo vikaanza kufika shuleni 2016. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, ndani ya shule za msingi, ikarithi vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kuhesabu. Mwaka wa 2024 masomo yakapunguzwa hadi 9, na kompyuta ikaingizwa ndani ya somo la ufundi wa awali, pengine ili mwanafunzi aisome kwa utulivu bila kusumbuliwa na kompyuta yenyewe. Wakati huo wote simu ya mama haikungoja zabuni. Ilikuja ikiwa imefungwa raba kifuniko cha betri kisidondoke, ikaripoti kazini.

Mtaala unataka umilisi wa aina 7, na simu hii hufundisha karibu zote kabla ya mapumziko ya saa nne. Wanafunzi sita wakiinamia kioo kimoja kutazama mchoro wa figo, wakipokezana kuukuza kwa sababu pembe ya kulia haisikii kidole, huo ndio ushirikiano. Hakuna waraka wa wizara uliowahi kuuleta upesi hivyo. Kuamua kama MB 50 zitatosha video nzima au wasome maandishi tu, hizo ni fikra tunduizi. Uraia nao hujileta wenyewe: katikati ya somo la usanisinuru, ujumbe wa deni la Fuliza hushuka juu ya picha ya jani, na darasa likaelewa uchumi wa nchi kuliko linavyoelezwa kitabuni. (Faragha, nakiri, haimo kwenye orodha.)

Watasema watoto watakimbilia TikTok. Watakimbilia, kama wanavyofanya sasa chini ya dawati. Simu iliyo juu ya meza mwalimu huiona, iliyo ndani ya soksi haioni. Watasema watanakili majibu. Watanakili, na intaneti ikikosea darasa zima litakosea sawasawa, jambo litakalompunguzia mwalimu kazi ya kusahihisha. Hoja nzito ni ya wasio na simu, nayo siifanyii mzaha, maana katika maboma mengi kuna kabambe tu, simu ya vitufe. Ila marufuku haiondoi tofauti hiyo. Huihamishia nyumbani, ambako mwenye simu huitumia peke yake jioni, na asiye nayo hutumwa kwenye saiba, duka la intaneti sokoni, na sarafu za kuchapishiwa picha za mradi. Darasani kioo kimoja hutazamwa na sita. Na hata kabambe si ya kutupwa: huduma ya Shupavu 291 ilituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi hadi kwenye simu za aina hiyo.

Mpinzani ambaye sina jibu lake ni mama mwenye simu. Siku ya soko, mnunuzi amekwisha kuchagua mkungu wa ndizi na anataka kulipa kwa M-Pesa, kumbe simu iko gredi ya 8 ikionyesha figo. Mama huyo hana neno na UNESCO wala na maadili ya vijana. Anataka kulipwa mkungu wake, na sijaona ukurasa wa mtaala unaosema nani atamlipa.